Mwaka wa Bwana Usioshe

Juzi, siku ya kuanua matanga ya Mzee Ligoha, nilikaa mkekani kule Lumemo nikila wali kwa nyama ya mbuzi huku nikisikiliza namna nilivyomharibia kazi Mzungu. Msimuliaji alikuwa Mwalimu Kiliani. Yeye alikaa kwenye kiti, maana siku hizi ni mwalimu mkuu na magoti ya walimu wakuu hayakunjiki, na alisimulia vizuri kama anavyosimulia vizuri kila kitu tangu nimjue. Alimwigiza Mzungu akiinamia hadubini, akaigiza mabega yalivyomshuka, halafu akaninyooshea kidole mimi nikiwa na mfupa mkononi: huyu hapa ndiye aliyelipaka unga jiwe la watu wa kale, nusura Mzungu awaandikie wenzake Ulaya kwamba watu walioishi kabla ya chuma walikuwa wakisonga ugali wa mahindi. Uwanja mzima ulicheka. Mtu mmoja nisiyemjua alinimegea nyama yake kwa heshima. Nikaipokea, kwa sababu nyama haikuwa na kosa.

Hadithi ilikuwa tamu na ilikuwa na dosari moja tu. Sikulipaka unga lile jiwe. Mwalimu anajua hivyo. Mzee Ligoha naye alijua, lakini Mzee Ligoha ndiye tuliyekuwa tukimaliza matanga yake.

Najua watu wanaoandika mambo ya ujana wao huwa wamesubiri kwanza meno yang'oke. Mimi nina miaka kumi na tisa, meno yote yapo, na bado nasoma shule ya serikali huko Mahenge, dawati moja na mtoto ambaye akiumwa tumbo huniita kaka na kulia begani kwangu. Wenzangu wa rika moja wamekwisha kuwa makarani, na wengine wameoa. Mimi nimechelewa, na sababu ya kuchelewa kwangu ni mwaka mmoja tu. Huo ndio ninaotaka kuueleza kabla Mwalimu hajausimulia mara nyingi zaidi na mimi nikaanza kumwamini.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nane katika shule ya misheni, Ifakara. Padri mkuu aliteua wavulana wachache wa kwenda sekondari, na Mwalimu Kiliani, aliyetufundisha hesabu na dini, alikuwa ameniambia kwamba mmoja wao nitakuwa mimi, ikiwa nitaweza kuufunga mdomo wangu mpaka mitihani ipite. Nilimjibu kwamba mdomo ule nilipewa na Mungu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusidharau kazi ya Mungu. Aligeukia ubao ili darasa lisimwone anacheka, lakini mabega yalimsaliti. Ndivyo tulivyokuwa mimi na yeye. Walimu wengine walinichapa kwa maneno ambayo yeye aliyachekea, na nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliyewahi kunipa chakula, ingawa chakula naye alinipa.

Mzungu alikuja baada ya masika, barabara ilipokauka kiasi cha kupitisha Landrova yake. Hakuwa padri, hakuwa mganga, hakuwa bwana shamba, na jambo hilo liliwasumbua watu. Kazi yake, tulivyoelezwa kanisani, ilikuwa kutafuta vyombo vya mawe vya watu wa kale na kuuchunguza uchafu ulioganda juu yake, ili ajue walikula majani gani na walichinja wanyama gani. Padri alitangaza kwamba mwenye kuokota jiwe la namna hiyo shambani alilete. Basi watu wakaleta. Wanawake walikuja na vikapu na nyungo, na kila jiwe lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na mchanga wa mto mpaka likang'aa, na mengine yalipakwa mafuta ya nyonyo kama mtoto anayekwenda kubatizwa. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Hata kuku wa mgeni hufutwa miguu kwanza. Mzungu alisimama mlangoni akayatazama mawe yale masafi, uso ukamwiva.

"Hapana osha," alisema. "Mimi nataka uchafu."

Wanawake walitazamana. Mmoja akauliza wenzake kwa Kipogoro, kwani kwao uchafu umekwisha mpaka aufuate huku? Tangu siku ile jina lake likawa Bwana Usioshe. Lile alilobatizwa kwao sidhani kama kuna mtu Ifakara analikumbuka.

Alipewa chumba nyuma ya zahanati, kilichokuwa cha seremala, chenye harufu ya mbao ambayo haikutoka hata baada ya kupigwa maji ya chokaa. Palikuwa na meza moja ndefu, hadubini iliyofunikwa kitambaa cheusi kama mjane, rafu zenye mawe yaliyofungwa kwenye karatasi, na chupa ndogo za dawa. Mwalimu Kiliani, aliyekuwa mkalimani wake, ndiye aliyenipeleka nikafanye kazi pale Jumamosi na jioni za wiki. Siku ya kwanza nilikwenda na shati la shule. Shangazi yangu, aliyenifulia ingawa nililala bweni, alikuwa amelifua na kulitia wanga wa muhogo, kama mashati yote ya misheni, likakauka likawa gumu kiasi kwamba ungeliweka sakafuni lingesimama lenyewe. Bwana Usioshe alikuwa na kipande cha kioo chini ya hadubini. Alichungulia, akachungulia tena, akasema "muhogo" kwa furaha kubwa, halafu furaha ikamtoka polepole, akageuka akanusa kola yangu. Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi pekee mwenye shati lililonyauka hata Jumapili. Siku za kazi nilikula ugali kwa kijiko na kunawa mpaka viwiko kabla ya kuingia. Shangazi alisema Mzungu ananidhalilisha mbele ya wasichana, na alikuwa na haki.

Lakini alinifundisha kutazama. Alinituma sokoni ninunue kila aina ya unga na kila aina ya kiazi, kidogo kidogo, mpaka wauzaji wakaniuliza kama nimeoa mke mwenye mimba. Tuliweka chembe ya kila kitu kwenye kioo, tone la maji, tone la aidini, ile dawa ya vidonda, na mara ule unga mweupe ukageuka samawati kama wino. Nikajifunza nyuso zake. Mchele una chembe ndogo sana zilizobanana kwa pembepembe, kama watu kwenye benchi la zahanati. Mahindi yana chembe kubwa kidogo zenye kona na mpasuko katikati. Viazi vikuu vina chembe ndefu, laini, zenye mistari kama gamba la kombe, na hizo ndizo alizozitafuta Bwana Usioshe kwenye mawe ya kusagia, kwa sababu aliamini watu wale walikula viazi vya msituni. Kwenye mawe yenye makali alitafuta damu na mafuta na manyoya. Siku moja alikikuta kipande cha unyoya wa ndege, kidogo kuliko vumbi, kimenaswa kwenye ufa wa jiwe. Alituita sote, mimi na mfagiaji na mgonjwa mmoja aliyekuwa akipita na mguu uliofungwa bandeji, tukapanga foleni kuchungulia. Nilipofikiwa zamu nilisahau kusema neno la kuchekesha. Mtu fulani alikula ndege yule akajifutia vidole kwenye jiwe lake, akaenda zake, na sisi tukaja kuviona vidole vyake. Nayasema haya ili ijulikane: nilifanya mzaha na kila kitu Ifakara, pamoja na kengele ya kanisa, lakini si na vioo vile.

Jumamosi mchana nilikula kwa Mwalimu. Nyumba za walimu zilikuwa za matofali, mstari mmoja, na ya kwake ilikuwa na ukumbi mdogo ambako mkewe, Mama Rozi, alitandika mkeka. Tulikula wali na samaki wa mtoni, ndungu akipatikana, kambale asipopatikana, na mlenda kila siku, kwa sababu Mama Rozi aliamini mlenda ndio uliomwezesha Mwalimu kuzungumza sana bila kukwama. Siku moja tukiwa tumekula, nilisema kwamba iko siku nitalipaka mlenda jiwe moja la Bwana Usioshe, ili aandike kwao kwamba watu wa kale walikuwa na mpishi kama Mama Rozi na ndiyo maana wote wamekufa. Mama Rozi alinipiga na mwiko. Mwalimu alicheka mpaka akatoka nje kukohoa, na akarudi akaniambia nirudie lile la mwisho, halafu akalirudia mwenyewe kwa sauti ya Mzungu. Nakumbuka mchana ule wote, nzi, joto, sahani ya bati yenye ua jekundu. Nilifikiri ninachekesha tu. Sikujua kwamba kuna mtu anaweka akiba.

Ilikuwa baadaye kidogo, nikiwa nimelala ukumbini hapo hapo baada ya chakula, niliposikia wakizungumza ndani, na walidhani nimepitiwa na usingizi. Bwana Usioshe alikuwa amesikia habari za mwamba uliopo juu ya mto Lumemo, chini ya vilima, wenye mawe ya kale chini ya kivuli chake. Mwamba ule ni wa ukoo wa Mzee Ligoha, na Mzee Ligoha alikuwa mjomba wa Mwalimu. Mzee alikubali pachimbwe, kwa sharti kwamba wenyewe wa chini, wafu wa ukoo, waambiwe kwanza, na wa kushika sahani ya unga, kwa desturi ya kwetu, ni mpwa. Mama Rozi alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba Padri akijua, kesho yake watalala barabarani na watoto. Mwalimu akajibu kwamba Mzee akikataa, hakuna kuchimba, na Mzungu ataona amedanganywa. Kisha akasema, kwa uchovu ambao sikuwahi kuusikia kwake darasani, "Mimi ni mpwa kabla sijawa mwalimu." Nililala macho makavu nikajiona nimemjua mtu mzima.

Alinichukua twende naye, nibebe panga la kusafishia njia. Mzee Ligoha alitusubiri mtoni. Alikuwa mtu mfupi, msuka migono ya kunasia samaki, mwenye ugoro puani na ulimi wa kukata, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kuniuliza kama kwetu hakuna chakula. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akinipima miguu. Chini ya mwamba palikuwa na jiwe bapa lililofukiwa nusu, lenye bonde katikati lililolainika kwa kusagiwa vitu na watu ambao hakuna aliyejua majina yao. Mwalimu alivua viatu akaviweka mbali, akashika sahani kwa mikono miwili. Mzee akachota unga wa mahindi, akautia maji, akaunyunyiza juu ya jiwe lile kidogo kidogo, akiita majina. Akawaambia kwamba anakuja mgeni mweupe, si mwizi, wasimtie homa, hataki mali yao, anataka uchafu tu. Hapo nilikaribia kupasuka kwa kicheko, na Mwalimu, bila kugeuza uso, akanikanyaga kwa mguu wake peku.

Tuliporudi alivaa viatu mtoni, akaiosha sahani, akaifuta kwa shati. Aliniambia niliyoyaona ni ya nyumbani. Sikuhitaji kuapishwa. Nilitembea nyuma yake nikiwa na panga begani na kifua kimejaa, kwa sababu mwalimu wa dini amenikabidhi kitu ambacho hangemkabidhi Padri.

Kesho yake Bwana Usioshe alifika na sepeto na brashi zake. Kabla hajagusa kitu aliuliza, na Mwalimu akatafsiri, kama kuna mtu anayefika mahali pale, kulala, kupika, kusaga, kufanya lolote. Mzee Ligoha alimtazama mpwa wake. Mwalimu akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna, watu wanapaogopa, hapajaguswa tangu enzi. Mimi nilijitia kufunga kamba za kikapu. Jiwe bapa likang'olewa, likafungwa kwenye karatasi bila kupanguswa, likapakiwa garini kama mgonjwa.

Kwa siku chache za mwanzo Bwana Usioshe alikuwa mtu mwenye furaha. Alichokonoa kwenye vitundu vya jiwe kwa sindano, na katika uchafu wa chini kabisa akaziona chembe ndefu zenye mistari, viazi vikuu, alivyovitafuta. Alinipa mkono. Aliniambia kwamba nikienda sekondari atamwandikia mkuu wa shule kunihusu. Halafu akapanda kwenye uchafu wa juu. Nilikuwa nikiosha vioo. Alisogea pembeni, nikachungulia. Zilikuwa chembe zenye kona na mpasuko katikati, nyingi, safi, kama zilizotoka kinuni asubuhi ile. Mahindi. Hata mimi nilijua kwamba mahindi yaliletwa nchi hii juzi juzi tu kwa meli, na watu wa mawe hawakuyaona. Kwake maana yake ilikuwa moja: jiwe limechezewa, na kama limechezewa juu, nani atamwamini juu ya chini?

Aliniuliza unga umetoka wapi. Nikasema sijui. Lilikuwa la nyumbani.

Ila niliendelea kuchungulia, na niliona jingine. Chini ya zile chembe mpya palikuwa na mahindi yaliyochakaa, yaliyoliwa na ukungu. Chini ya hayo palikuwa na mtama, mzee zaidi. Halafu ndipo vikuu. Jiwe lile halikupakwa unga na mtu mmoja siku moja. Lilikuwa likipewa unga na watu wa hapa tangu kabla sijazaliwa, na kabla ya mahindi lilipewa mtama, na sijui kabla ya mtama. Jiwe lenyewe lilikuwa likinitetea. Nilimwita Bwana Usioshe aje aone. Alikuja, akaufunika uso wa hadubini kwa kile kitambaa cheusi, akasema, "Wewe hapana gusa tena." Mtu aliyenifundisha kuona alikuwa wa kwanza kuyakataa macho yangu.

Padri mkuu alituita ofisini kwake, chini ya picha ya Papa na picha ya Malkia mpya, ambao wote wawili walinitazama kama wamekwisha kusikia. Bwana Usioshe alikaa dirishani. Mwalimu alisimama karibu na kabati la vitabu. Padri aliuliza taratibu. Hakuwa mtu mkali, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Alisema ni watu wachache tu waliolishika jiwe lile, na kati yao mmoja anajulikana shule nzima kwa vituko. Nikamtazama Mwalimu. Neno la tambiko lilikuwa limefika kwenye meno yangu na nililizuia hapo, kwa sababu nilimwona Mama Rozi barabarani na vyungu vyake. Lakini sikuwa na hofu kubwa. Mwalimu alikuwa bingwa wa maneno; nilijua ameshapata namna ya kunitoa bila kujiingiza, na nilisubiri kwa hamu kuona ataifanyaje.

Mwalimu akakohoa kidogo.

"Padri, mtoto huyu namjua," alisema. "Aliwahi kusema nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu, kwamba atalipaka jiwe chakula ili amcheke Bwana. Nilidhani ni utani."

Hakunitazama. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeumia, na nadhani aliumia kweli, na hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalisamehe. Kama angeyasema kwa ukatili ningemjua adui yangu. Padri akaniuliza kama nilisema hivyo. Nilitafuta jibu la maana, na katika kichwa changu kizima kilichokuwemo kilikuwa ukweli mmoja tu mdogo, nikautoa.

"Nilisema mlenda, Padri. Yale ni mahindi."

Padri alifumba macho. "Unaona," alimwambia Bwana Usioshe. "Hata sasa."

Na Bwana Usioshe, ambaye angeweza kutenganisha mlenda na mahindi akiwa amelala, alitazama nje ya dirisha. Baada ya hapo ningetaja tambiko, nani angesikia? Ungekuwa mzaha wa pili, tena wa kumsingizia mwalimu wa dini. Nilipewa mkeka wangu na sanduku langu mchana ule ule. Waliokwenda sekondari walikwenda. Mwalimu alinisindikiza mpaka lango la misheni, kwa sababu ilikuwa kazi ya mwalimu wa zamu, na njia nzima alizungumzia mvua.

Bwana Usioshe naye hakukaa sana. Aliacha mawe mengi kwenye rafu, na wanawake wa zahanati waliyatumia kusugulia miguu. Mimi nilikwenda kwenye shamba la mpunga la shangazi, nikakaa kwenye dungu kufukuza ndege. Ndege wa Kilombero hawana adabu, unawatukana asubuhi mpaka jioni na wanakula tu, kwa hiyo tulielewana. Watoto waliopita walinyoosha vidole: yule ndiye aliyempaka Mzungu unga. Nilitaka kuwakanusha, kisha nikaona wananitazama kwa heshima, nikawatupia donge la udongo nikanyamaza. Msimu ukapita, na mwingine, mpaka shule ya serikali Mahenge ikanipokea kurudia darasa lile lile, pamoja na watoto. Kila ninapoketi kwenye lile dawati lao fupi, magoti yananikumbusha nani amenikalisha pale.

Basi juzi, baada ya chakula cha matanga, nilimfuata Mwalimu nyuma ya nyumba alikokwenda kunawa. Nilimmiminia maji kwa kata, kama ilivyonipasa. Amenenepa. Aliniuliza habari za Mahenge, kama chakula kinatosha, kama bado tunakula maharage yenye wadudu. Nikamwambia wadudu ndiyo nyama yetu. Alicheka, na kwa dakika ile tulikuwa tena darasani, na nilichukia jinsi nilivyofurahi. Nikamuuliza. Sikuuliza kwa ukali. Nilimuuliza kwa nini ilikuwa mimi, wakati angeweza kusema hajui tu, na kila mtu angebaki na lake.

Alimwaga maji yaliyobaki kwenye viganja. Hakujitia kutoelewa, na hilo nampa.

"Lingeulizwa tena, Damasi," alisema. "Wangemfikia mjomba, halafu mimi. Na wewe ulikuwa mtu wa kucheka. Nilijua utacheka, litapita."

Nilisubiri aongeze kitu. Nilikuwa nimesafiri kwa pantoni na kwa miguu kuja kwenye matanga ya mjomba wake, na kwa kweli nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya hicho kitu ambacho angeongeza. Alijifuta mikono kwa leso. Uani walikuwa wamewasili wageni kutoka Mngeta, ndugu wa marehemu waliocheleweshwa na gari, na mtu aliita kwamba Mwalimu aje awasimulie na hawa ile ya Mzungu wa uchafu. Mwalimu alinitazama kama anayeomba ruhusa. Kisha akaenda bila kuipata.

Nilimsikia akianza. Alianza na wanawake na mawe yao yaliyopakwa mafuta, na watu wakaanza kucheka hata kabla hajafika popote, kwa sababu waliosikia mara ya kwanza walikuwa wakiwachochea wenzao. Nilizunguka nyumba nikaingia uwanjani. Mama Rozi alikuwa akigawa togwa, akaniona usoni, akaishusha ndoo. Mwalimu alikuwa amefika kwenye hadubini. Aliniona, na safari hii hakuninyooshea kidole, lakini wengine walininyooshea, na wageni wa Mngeta wakageuka kumtazama huyo kijana. Nilisimama katikati ya mikeka. Sikukunja uso, sikutoa sauti ya kuigiza, sikutikisa mabega. Sijawahi kusema neno kwa uzito kama ule.

"Sikulipaka mimi," nikasema.

Wakaangua kicheko kikubwa kuliko cha mwanzo, wengine wakapiga mapaja, na mzee mmoja wa Mngeta akapaliwa na togwa ikabidi apigwe mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa karibu na miguu yangu alijifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Hujabadilika, mwanangu," aliniambia. "Hata kidogo."

Mwalimu alikuwa wa mwisho kucheka. Lakini alicheka.